Desibeli 63: namba iliyowapoteza Wajerumani

Miaka imepita na kanuni ya Corona-Warn-App bado inanikera. Mnaikumbuka: Ujerumani iliizindua programu yake ya kuwaarifu waliokaribiana na mgonjwa wa korona tarehe 16 Juni 2020, na kazi ya kuamua nani alikuwa karibu na nani ikaachiwa nguvu ya mawimbi ya Bluetooth. Upotevu wa mawimbi ukiwa chini ya desibeli 55, dakika ilihesabiwa nzima. Kati ya 55 na 63, nusu. Ukizidi 63, sifuri. Jumla ikipita dakika 15, simu inakuarifu. Kanuni nadhifu, inasomeka vizuri kwenye karatasi, na walilikoroga pale pale kwenye ile sifuri.

Tuikague. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili mawimbi hupungua desibeli 6. Yaani kutoka mita 1 hadi mita 2, tofauti yote unayoitafuta ni desibeli 6. Sasa simu itie mfuko wa nyuma wa suruali, mwenyewe aikalie. Mwili umejaa maji, na mawimbi ya gigahezi 2.4 yakikutana na maji humezwa: kiwiliwili kimoja kinaweza kula desibeli 10, hata 20. Desibeli 20 hewani ni sawa na kuzidisha umbali mara kumi. Abiria aliye mita moja na nusu kutoka kwako anaweza kusomeka kama yuko mita 15. Kinachovuruga kipimo ni kikubwa kuliko kinachopimwa, halafu mtu anakata mstari hapo hapo na kuandika sifuri! Sifuri maana yake dakika hiyo haikuwapo, hata kama mlikuwa mnapigana vikumbo.

Ushahidi haukuchelewa. Mwaka huo huo Douglas Leith na Stephen Farrell wa Trinity College Dublin walijaribu simu ndani ya tramu, wakapata vipimo vya jozi 60, karibu nusu zikiwa chini ya mita 2. Kanuni ya Wajerumani haikutoa tahadhari hata moja. Ya Waswisi, iliyobana zaidi kwa 50 na 55, nayo kimya. Waitaliano walilegeza hadi 73, wakanasa nusu ya waliokuwa karibu, na nusu ya waliokuwa mbali vilevile. Ungerusha shilingi ungepata matokeo yale yale.

Kwa hiyo wanaosema namba ingepandishwa kidogo tu mambo yangekaa sawa, hawajaisoma tramu. Kuta za chuma zinarudisha mawimbi huku na kule, miili inayameza, na simu yenyewe inasikiliza sekunde chache tu kila baada ya dakika kadhaa. Bati ni bati, liwe la Dublin au la daladala ya Mbagala. Cha kuchekesha zaidi, mawimbi haya yanapenya ukuta mwembamba wa mbao bila shida. Jirani wa chumba cha pili, ambaye hamvuti naye hewa moja, anahesabiwa yuko karibu. Uliyekaa naye kiti kimoja anafutwa.

Faragha, Wajerumani waliishughulikia vizuri, na msimbo wote waliuweka hadharani. Waingereza, baada ya kuitupa programu yao ya kwanza Juni 2020, walirudi na hesabu za Kalman zinazochukulia kila kipimo kuwa na mashaka. Huo ulikuwa uungwana wa kihandisi.

Lakini ugonjwa huu wa kugeuza nguvu ya mawimbi kuwa umbali una historia, nami nitairudia hadi mchoke. Mwaka 2013 Apple ilileta iBeacon, mfumo wa Bluetooth wenye madaraja ya ukaribu na, kando yake, makadirio ya mita. Maelezo ya Apple yenyewe yanaonya kwamba makadirio hayo yasitumiwe kujua kifaa kilipo hasa. Nani alisoma? Watengenezaji programu waliichukua namba ile wakaibandika kwenye skrini na desimali zake mbili, mteja akaamini. Kuanzia hapo kila kijana mwenye simu mbili na fomula ya logi akajiona mpima ardhi.

Wakongwe hawakuwa hivyo. Roy Want na wenzake pale Olivetti, Cambridge, walichapisha mfumo wao wa Active Badge mwaka 1992: beji inatoa mwanga wa infraredi, mwanga haupiti ukuta, basi unajua mtu yuko chumba gani. Kwa virusi vinavyoelea hewani, chumba ndilo swali lenyewe! Mwaka 2000 MIT ikaja na Cricket: redio na sauti isiyosikika vinarushwa pamoja, sauti inachelewa, ucheleweshaji unakupa umbali. Walipima muda, kwa sababu mwili unaweza kuipunguza nguvu ya mawimbi mara mia bila kuubadilisha mwendo wake kwa kiasi cha kukupoteza. Septemba 2024 Bluetooth 6.0 ilitangazwa ikiwa na njia ya kupima umbali kwa fezi ya mawimbi na muda wa kwenda na kurudi. Karibu robo karne kurudi walikosimama wazee.

Programu inayosoma nguvu ya mawimbi peke yake ina haki ya kusema "huenda yuko jirani", na kiwango cha mashaka kiandikwe pembeni. Ikitaja mita, mwulizeni mwenye nayo aliijaribu kwenye chombo gani, kikiwa na abiria wangapi.