Sahani Imara, Mkono Usiosamehe: Uhakiki wa Technics SL-1200MK7

Wahakiki wengi wa vicheza santuri husifu jinsi sahani inavyozunguka, kisha wakaupitia mkono kwa sentensi mbili. Mimi nitaanza na sahani ili nifike haraka kwenye mkono. Mashine ninayoihakiki ni Technics SL-1200MK7 iliyotoka mwaka 2019, na hoja yangu ni kwamba waundaji wameikamilisha kazi ya mota lakini kazi ya mkono wamemwachia mnunuzi. Kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili, ambao santuri ya zamani kwetu ni matini, jambo hilo ni zito.

Kwanza mota. Katika vicheza vingi, mota hukaa pembeni na kuizungusha sahani kwa mkanda wa mpira, na mpira huchoka. Kampuni ya Matsushita iliuondoa mkanda huo katika SP-10 ya mwaka 1970, ikaifanya mota iizungushe sahani moja kwa moja. SL-1200 ya kwanza ilifuata mwaka 1972, na MK2 mwaka 1979. Uzalishaji ulisimama mwaka 2010, ukarejea 2016 kwa mota mpya isiyo na kiini cha chuma. Kiini hicho ndicho kilichokuwa kikivutana na sumaku na kuleta vishindo vidogo vidogo katika mzunguko. Katika MK7, sahani hufikia kasi yake kwa sekunde 0.7, na yumbayumba yake hutajwa kuwa asilimia 0.025. Hapa sina la kulaumu.

Umbo nalo nalisifu, ila kwa kiasi. Nyaya za nyuma sasa huchomolewa. Waya ukikatika unanunua mwingine, humtafuti fundi wa kulehemu. Lakini kuzungusha santuri kinyumenyume na kuchagua taa nyekundu au ya bluu ni mambo ya madijei. Msikilizaji anayenukuu mashairi hayamfai kitu.

Sasa mkono. Una umbo la S, na kutoka kwenye egemeo hadi ncha ya sindano ni milimita 230. Mashine huuzwa bila katriji. Mnunuzi aifunge mwenyewe, ahakikishe sindano inaupita mhimili wa sahani kwa milimita 15, ausawazishe mkono hadi uelee, aupe uzito unaotakiwa na katriji yake, arekebishe kimo, kisha aweke kizuizi cha mkono kuvutwa kuelekea katikati. Akikosea hatua moja, mota nzuri haitamwokoa.

Kipimo cha milimita 15 kina sababu yake. Kifaa kilichokata santuri ya kwanza kilikwenda kwa mstari mnyoofu, ilhali mkono huu huchora tao. Kwa hiyo sindano hulingana kabisa na mfereji mahali pawili tu. Kwa hesabu ya Baerwald ya mwaka 1941, mahali pa ndani huwa kama milimita 66 kutoka katikati. Technics wamepasogeza hadi karibu 59. Wapo wanaolaumu uamuzi huo, kwa kuwa makosa huongezeka katikati ya upande. Mimi nauunga mkono. Karibu na lebo mfereji hupita polepole chini ya sindano, mawimbi ya sauti yakabanana, na hapo ndipo maneno huvurugika kwa urahisi. Nyimbo nyingi za densi zilizotolewa Nairobi miaka ya 1970 zilikuwa kwenye santuri ndogo za kasi ya 45, wimbo mmoja ukigawanywa pande mbili. Beti la mwisho la kila upande liko hapo hapo penye hatari.

Lawama yangu kubwa ni juu ya kasi ya 78. Mashine hii inayo, na ina kitelezi kinachobadili kasi hadi asilimia 16, jambo la manufaa kwa sababu santuri za miaka ya mwanzo hazikurekodiwa zote kwa 78 kamili. Anayetaka kusikiliza santuri alizorekodi Siti binti Saad Bombay mwaka 1928 atafurahi, lakini asiwe na haraka. Mfereji wa santuri hizo ni mpana mara kadhaa kuliko wa santuri za baadaye. Sindano ya kawaida huzama hadi chini kabisa, ikasoma vumbi na mikwaruzo badala ya sauti. Kasi bila sindano yake ni nusu ya kazi, na nusu hiyo yaweza kumfanya mtafiti aandike neno ambalo halikuimbwa.

Kampuni hiyo hiyo, mwaka huo huo, ilitoa SL-1500C ikiwa na katriji ya Ortofon 2M Red tayari, inayotaka gramu 1.8. Basi wanajua kwamba mkono unahitaji msaada. Hata hivyo SL-1500C haina kitelezi cha kasi, na kwa maktaba ya idara ya Kiswahili kitelezi hicho ni cha lazima. Ningechagua MK7 kwa sharti moja: pamoja na mashine, inunuliwe mizani ndogo ya kupimia sindano na sindano ya santuri za 78, na santuri yoyote adimu isiguswe kabla mtu mmoja hajajifunza mkono huo kwa santuri isiyo na thamani.