Askofu na Majini Yetu

Wazazi kadha wa hapa Kaliua wameniuliza: je, yafaa kijana wa skuli asome hadithi za majini na nunda mla watu zilizokusanywa na Askofu Edward Steere? Wanachelea mawili, ushirikina na Ukristo, na yote wanayaona ndani ya jalada moja.

Ni kweli Steere alikuwa mwanachuoni wa dini yake. Mwaka 1856 alitoa kitabu juu ya kuwapo kwa Mungu na sifa zake. Mwaka 1864 akafika Unguja, akafasiri Agano Jipya kwa Kiswahili, akafa huko huko 1882. Ama hadithi alizozipiga chapa London mwaka 1870 si zake. Ni za watu wa Unguja, waliomsimulia naye akaandika. Hassibu Karidini na Sultani wa Nyoka asili yake ni Alfu Lela U Lela, na humo, katika Kiarabu, Bulukia anazunguka dunia kwa mapenzi ya Mtume Muhammad (S.A.W.). Atafutaye hila ya Kanisa humo atachoka bure!

Shaka yangu ni nyingine. Msome Goso mwalimu, aliyesomesha watoto chini ya mbuyu. Buyu likamwangukia, akafa. Wanafunzi wakamshika kusi. Kusi akasema lau angekuwa na nguvu asingezuiwa na kiambaza. Kiambaza akamsingizia panya, panya akamtaja paka, na hivyo hivyo kamba, kisu, moto, maji, ng'ombe na kupe, hata wakafika kwa paa, aliyekuwa akiiba mabuyu. Paa hakujibu neno. Wakamwua.

Kisa kitamu, nami hucheka. Lakini aliyesoma tauhidi ajua kuwa mfuatano wa sababu hauendi bila ya kikomo, na watoto wale wa chuoni hakuna aliyeitaja kudura ya Muumba. Askofu naye hakutia Injili kinywani mwa paa. Kwa uaminifu huo namsifu.

Majini vilevile: katika ngano ni vitumwa vya mwenye hila, na katika Sura ya 72 ni viumbe waliosikia Kurani wakaamini. Kijana asome, ila mwalimu awe karibu.

Na sisi wa njia ya misafara, baina ya Unyanyembe na Ujiji, ngano zetu za usiku nani ameziandika? Tuliziita upuuzi, kisha twamlaumu mgeni aliyeketi akasikiliza. Wazee wanaozijua wangali wapo; vijana wa darasa langu nimewaambia waende na madaftari.