Bustani ya Kaskazi

Wakati wa masika kila nyumba ya Dar es Salaam ina mkulima. Mbegu za boga zikimwagwa nyuma ya jiko huota zenyewe, na matembele hutambaa hadi kwa jirani. Ufundi hujificha majira hayo. Huonekana Januari na Februari, vuli ikishapita na masika hayajaanza, kaskazi inapovuma na fukuto lake bila kuleta mvua, na hata usiku wa manane joto linagoma kushuka chini ya nyuzi 25 hivi. Anayechuma mboga mbichi uani kwake wakati huo anastahili heko, tena si heko ndogo.

Anajua kwamba mboga hukua yenyewe; kazi yake yeye ni kuzuia kinachopotea. Udongo wa sehemu kubwa ya jiji ni kichanga, maji huingia na kupita. Siku ya jua kali na upepo, tuta lenye mboga huweza kupoteza milimita 5 au 6 za maji, yaani lita 5 au 6 kwa kila mita ya mraba. Tuta la mita 1 kwa 3 basi linadai karibu ndoo nzima ya lita 20 kila kukicha. Kwenye nyumba ambayo bomba hutoa maji kwa zamu na mengine hununuliwa kwa dumu, ndoo hiyo si ya kuchezea. Kwa hiyo fundi humwagilia alfajiri, shinani, pole pole, akirudia kishimo kile kile mara mbili ili maji yashuke. Maji ya juu juu huizoesha mizizi kukaa juu, na mizizi ya juu ndiyo ya kwanza kuungua.

Kisha hufunika udongo kwa nyasi kavu, majani ya mwembe, pumba za mpunga, chochote kilichopo. Fukua matandazo hayo saa saba mchana. Juu nyasi zinababua kiganja. Vidole viwili chini, udongo ni mweusi, wa baridi, umeshikamana, na jongoo mdogo anajikunja kukwepa mwanga. Hatua moja pembeni, palipo wazi, mchanga umepauka na haukanyagiki bila ndara.

Kivuli nacho kina elimu yake. Desemba na Januari jua la adhuhuri hupita kusini mwa Dar es Salaam, kwa hiyo kuti lililotundikwa upande wa kaskazini halisaidii kitu. Makuti machache juu ya kichanja, yakiinamishiwa kusini na magharibi, hukata makali ya alasiri na bado mwanga hupenya. Mwanzoni mwa Machi jua huwa limefika utosini kabisa, na makuti yanapaswa kuhamia juu.

Lakini sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kusoma jani. Mboga ya maboga hulegea mchana hata kama mizizi imo majini, kwa sababu jani linatoa maji haraka kuliko shina linavyoyapandisha. Mgeni akiliona hukimbilia ndoo. Fundi huchomeka kidole ardhini hadi kiungo cha pili, akikuta unyevu huliacha jani lipumzike, naye huja kulitazama tena saa kumi na mbili asubuhi. Likiwa limelala hata asubuhi, hapo kweli lina kiu. Mnyanya ukinyauka ghafla huku majani bado ya kijani na udongo una maji, hukata kipande cha shina na kukitumbukiza ncha yake kwenye glasi ya maji safi. Ute mweupe ukianza kuteremka kama uzi, huo ni mnyauko wa bakteria: mmea hung'olewa na kutolewa bustanini siku hiyo hiyo. Umakini wa namna hii ni elimu kamili, ingawa hautolewi cheti.

Wala hashindani na majira. Nyanya huangusha maua usiku ukiwa wa joto mno, kwa kuwa chavua hudhoofika. Chainizi hukimbilia kutoa maua na majani yakawa machungu. Majira haya ni ya bamia, kunde, matembele, na juu ya yote mchicha, ambao hujitengenezea chakula kwa njia ile ile ya mahindi na mtama, njia inayostahimili jua na kutumia maji kwa uangalifu. Nauona mchicha unadharauliwa kwa urahisi wake, na dharau hiyo haiutendei haki.

Palipo na chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kikafukiwa hadi shingoni katikati ya tuta, kikajazwa na kufunikwa, maji huvuja kupitia kuta zake kadiri udongo unavyokauka. Fan Shengzhi wa China aliandika juu ya vyungu hivi, matikiti yakiwa yamepandwa kuvizunguka, katika karne ya 1 kabla ya Kristo.

Mashina machache ya mchicha huachwa yazae. Jua lile lile lililotesa bustani hukausha vichwa vya mbegu upesi. Hupukuchwa juu ya ungo, hupepetwa, na mbegu nyeusi zinazong'aa huwekwa kwenye chupa kavu pamoja na majivu kidogo. Jirani akija kuomba, hupimiwa kijiko, na kuelezwa pia ainamishe makuti upande gani.