Mashine Kwenye Ngalawa: Ubavuni au Tezini?

Mvuvi wa Bwejuu, pwani ya mashariki ya Unguja, akipata mashine ya boti, la kwanza analomuuliza fundi ni wapi aifunge. Jibu linalotoka haraka ni tezini: kata ncha ya nyuma ya ngalawa, piga ubao mnene, kaza mashine kwa skrubu zake, kazi imekwisha. Boti za faiba zimeundwa hivyo, basi kwa nini ngalawa isifuate? Kwa sababu ngalawa si boti ya faiba. Mashine ya ngalawa inafaa ikae ubavuni, nyuma ya tengo la nyuma (mti unaokatisha juu ya mwili wake), juu ya miti iliyofungwa kwa kamba. Sababu zinaanzia kwenye bahari yenyewe.

Kutoka Michamvi kushuka Bwejuu, Paje na Jambiani, mwamba umejitenga na ufuo, sehemu nyingi kwa zaidi ya kilomita moja. Kati ya mwamba na ufuo kuna maji mafupi yenye mchanga, nyasi za bahari na mashamba ya mwani. Siku za bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa hukaribia mita 4, na eneo kubwa hubaki wazi, watu wakitembea kwa miguu. Ngalawa inatoka na kurudi kwa ruhusa ya maji.

Ruhusa hiyo inapimika. Mabaharia hugawa mwendo wa maji katika mafungu 12 kwa saa sita za kujaa: saa ya kwanza fungu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 3.6, kila fungu ni sentimita 30. Maana yake, saa za katikati maji hupanda sentimita 90 kwa saa, ila saa ya kwanza hupanda 30 tu. Sasa chukua ngalawa inayohitaji sentimita 30 kuelea, kisha iteremshie mashine ambayo pangaboi lake linataka sentimita 70. Zile 40 zilizoongezeka ni karibu nusu saa maji yakienda kasi, na zaidi ya saa nzima yakienda polepole. Hasara hiyo inalipwa mara mbili, wakati wa kutoka na wakati wa kurudi.

Dawa yake ni kutembeza ngalawa kwa pondo mashine ikiwa imeinuliwa, na kuiteremsha karibu na mlango wa mwamba. Hivyo ngalawa inabaki na kina chake cha asili. Kuna pia haki ya jirani: kina mama wa pwani hii wanalima mwani kwa vigingi na kamba tangu kilimo hicho kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, na pangaboi likinasa kamba moja linang'oa kazi ya wiki nyingi. Mashine ya kufungwa kwenye ngalawa lazima iinuke kwa mkono mmoja bila nahodha kusimama.

Tuje kwenye chombo. Mwili wa ngalawa ni gogo, la mwembe mara nyingi, lililochongwa likawa jembamba na refu. Peke yake lingepinduka. Kinacholisimamisha ni matengo, ile miti miwili inayokatisha juu yake, na marengu, mbao mbili zilizofungwa kwenye ncha zake, moja kila upande. Rengu la pwani yetu si gogo la kuelea. Ni ubao uliowekwa kwa mshazari, na chombo kinapokwenda, maji huusukuma juu kutoka chini. Nguvu yake inatokana na mwendo na pembe. Ukiiharibu pembe hiyo, rengu linaacha kubeba na kuanza kuburuta.

Uzito wa tezini unaiharibu. Mashine ndogo ya nguvu za farasi 15 ina karibu kilo 40. Tuseme imefungwa mita 2.5 nyuma ya katikati ya ngalawa: 40 mara 2.5 ni 100. Kusawazisha kwa mzigo ulio mita 2 mbele unahitaji kilo 50 za ziada, ambazo mvuvi angependa ziwe samaki. Asipoziweka, tezi inazama, omo inainuka, na marengu yanaelekea juu kwa mbele na kuzama kwa nyuma. Ifunge mashine hiyo nyuma kidogo ya tengo la nyuma, mita 1.5 kutoka katikati, hesabu inashuka hadi 60, na kilo 30 mbele zinatosha. Dumu la lita 25 za petroli lina kilo 18 hivi. Ongeza nanga na kamba yake, umefika bila kubeba mawe.

Ubavuni nako kuna gharama. Kilo 40 zikining'inia nusu mita nje zinailaza ngalawa upande mmoja, na msukumo usio wa katikati unaigeuza. La kwanza linaondoka kwa baharia mmoja kukaa upande wa pili. La pili kwa kushika kana ya usukani kwa pembe ndogo. Kwenye mtumbwi mtupu kufunga ubavuni kungekuwa hatari, kwani ukiyumba pangaboi linatoka majini. Ngalawa ina marengu pande zote mbili, haiyumbi kiasi hicho.

Kazi yenyewe ni hivi. Miti miwili inalazwa kukatisha mwili, inafungwa kwenye kingo zote mbili, na ncha zake zinatokeza nje kiasi cha kubeba ubao mnene wa mashine. Kamba inazungushwa mti na ukingo mara kadhaa, kila mzunguko ukibanwa kabla ya unaofuata, kisha mizunguko ya mwisho inapita katikati, kati ya mti na ukingo, kuikaza ile ya kwanza. Msumari ukitikiswa na mashine siku nzima hupanua tundu lake, na tundu kwenye gogo ni mlango wa maji. Kamba hulegea pia, lakini inakazwa upya jioni kwa mikono, na wimbi likipiga inakubali kidogo badala ya kupasua mti. Wanawake wa Bwejuu wanaofukia makumbi ya nazi mchangani na kuyapiga kupata usumba wamesokota kamba za namna hiyo miaka mingi. Nailoni nayo inafaa, mradi ibadilishwe jua likishaila. Na mashine iwe na kamba yake ya pili, iliyofungwa mwilini mwa ngalawa, isije ikaruka ikazama.

Faida nyingine inaonekana wakati wa kuivuta pwani. Mashua ikipwelewa inataka magadi ya kuiegemeza. Ngalawa inakaa wima kwa marengu yake. Ikipandishwa juu kwa matengenezo, iletwe kwa maji ya bamvua, imalizie kwenye magogo ya kubiringisha. Likitumika gari, kamba ifungwe kwenye mwili na kuvutwa kwa omo, kamwe si kwenye tengo. Mashine ya ubavuni watu wawili wanaivua kwanza, chombo kinabaki chepesi.

Lakini sababu kubwa ni usukani. Ukikata tezi kuweka mashine, umeuondoa mahali pake. Pwani hii, kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki, kusi kutoka kusini-mashariki. Misimu yote miwili inasukuma chombo kuelekea mwambani. Mashine ikizima nje ya mlango, tanga bila usukani halikufikishi kokote isipokuwa kwenye mawe. Kabla ya kumlipa fundi, mvuvi aitoe ngalawa yake ikiwa na mashine iliyoinuliwa, atweke tanga, na aone kama anaweza kurudi kwa upepo peke yake. Ikishindwa jaribio hilo, fundi aifungue na kuanza upya, kwa sababu maisha ya watu watatu au wanne yatategemea fundo la mashine hiyo.