Mkasi, Wino na Karatasi ya Nje

Anayetaka kujua thamani ya nakala kuukuu ya Bunty asianze na jalada la mbele. Aigeuze kwanza. Kwa miaka mingi, ukurasa wa nyuma wa jarida hilo la katuni la wasichana wa Uingereza ulibeba mwanasesere wa karatasi pamoja na nguo zake: gauni, koti, kofia, kila kimoja na vishikizo vidogo vya kukunjia mabegani. Msichana alichukua mkasi, akakata, akamvisha. Jarida lilitaka afanye hivyo. Ndiyo maana nakala nyingi zilizobaki zina tundu pale alipokuwa mwanasesere, na ile ambayo haikuguswa na mkasi inatafutwa kwa udi na uvumba.

Wakusanyaji hulisema jambo hili kwa masikitiko kisha hupita. Mimi hukaa hapo, kwa sababu tundu lile linaeleza jinsi jalada zima lilivyopangwa. Chukua jarida lolote lililofungwa kwa pini katikati, ulifungue. Karatasi ya nje kabisa ina kurasa nne: wa kwanza, wa pili, na mbili za mwisho. Ukurasa wa kwanza na wa mwisho hulala ubavu kwa ubavu upande mmoja wa karatasi hiyo, na hupita mashineni pamoja. Rangi kamili ilikuwa ghali kwa jarida la bei ya watoto. Bunty ilipotoka mara ya kwanza, tarehe 18 Januari 1958, iliuzwa kwa peni 4 na nusu. Ukishagharamia rangi ya jalada la mbele, ya nyuma umekwisha kuigharamia. Nani angezichezea nguo za mwanasesere zisizo na rangi? Mahali pake palikuwa pale.

Mkasi nao ulifuata hesabu ileile. Ulipomkata mwanasesere ulikata pia kisa kilichochapwa mgongoni pake. Halafu karatasi ya nje, ikiwa imepoteza nusu ya nguvu yake, ililegea kwenye mkunjo, na jalada la mbele likawa la kwanza kudondoka. Kwa hiyo ukiona Bunty ya miaka ya mwanzo ina jalada safi la mbele, lililoshikana vizuri, na nyuma mwanasesere bado amesimama na nguo zake zote, umeshika karatasi moja iliyonusurika pande zote mbili. Bunty ilitoka Dundee, Scotland, kwa kampuni ya D.C. Thomson, hadi mwaka 2001, jumla ya matoleo 2,249. Kuzipata nakala za miaka ya mwisho si kazi. Zilizookoka mkasi wa miaka ya mwanzo ndizo za kuhangaikia.

Tuje kwenye mchoro wenyewe. Kwa kawaida mchoraji wa jalada hakuchora kwa ukubwa wa jarida. Alitumia kadi ngumu iliyo kubwa zaidi. Akaanza kwa penseli, akafuata kwa wino mweusi wa brashi na nibu, kisha rangi. Kamera ya kiwandani ilipoupunguza mchoro, mistari ilisogeleana, mtetemo wa mkono ukapotea, na picha ikatoka kali kuliko ilivyochorwa. Mtu aliyezoea jalada lililochapwa akiiona kadi kwa mara ya kwanza hudhani ina kasoro, maana anaona kila alama ya brashi na kila mahali rangi nyeupe ilipofunika kosa. Hizo ndizo hatua za kazi, na hakuna mahali pengine zilipohifadhiwa.

Picha ya rangi ilipigwa mara kadhaa kupitia machujio tofauti, zikapatikana filamu nne: ya samawati, ya waridi iliyokolea, ya njano na ya nyeusi. Kila filamu ilizaa pleti yake, na skrini ikazivunja rangi kuwa nukta. Pleti moja ikihama hata kwa upana wa unywele, wekundu wa midomo hutoka nje ya mdomo. Nakala mbili za toleo lilelile, zilizochapwa siku moja, zinaweza kupishana hapo. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, tazama midomo na macho kabla ya kutazama pembe.

Jarida la Girl, lililoanzishwa tarehe 2 Novemba 1951 na Hulton Press chini ya mhariri wake Marcus Morris, ambaye alikuwa kasisi, lilipita njia nyingine. Lilichapwa kwa silinda ya shaba iliyochimbwa vishimo vidogo mno. Kishimo chenye kina kilibeba wino mwingi, chenye kina kifupi wino kidogo. Rangi zake zililainika kama mchoro wa rangi za maji. Jalada la kwanza liliwapa wasichana Kitty Hawke, rubani mwenye wafanyakazi wa kike watupu, kwa mkono wa Ray Bailey. Lishike chini ya lenzi ya mkononi: hata kingo za herufi zina meno madogo ya vile vishimo. Lenzi hiyohiyo itakuokoa siku utakapouziwa chapa ya rangi kwa jina la mchoro halisi. Ukiona nukta, ni chapa. Mchoro wa mkono una mikokoto ya brashi.

Ndani ya majarida, kwenye kurasa za wino mweusi, kulikuwa na ujanja ninaoupenda kuliko yote. Filamu iliyonakili mistari haikuona buluu hafifu. Kwake ilikuwa sawa na nyeupe. Basi penseli ya buluu iliweza kuandika maagizo juu ya mchoro wenyewe, na hakuna msomaji aliyeyaona. Kwenye jalada la rangi ujanja huo haukufaa, kwani huko buluu ilikuwa rangi kama nyingine. Maagizo yakahamia pembeni, nyuma ya kadi, au kwenye karatasi nyembamba iliyofunika mchoro.

Kitu kingine kinachowachanganya wanunuzi wapya ni uwazi. Kadi nyingi za majalada zina anga tupu juu, au ukuta usio na chochote. Pale palikuwa mahali pa jina la jarida, bei, na tangazo la zawadi ya bure, ambavyo viliongezwa baadaye au kubandikwa kwa gundi ya mpira. Mchoraji alitunga picha akijua sehemu yake ya juu si yake. Mambo yalizidi kubana majarida yalipounganishwa: jarida la wasichana la Misty lilipomezwa na jenzake Tammy Januari 1980, na Jinty nayo ikamezwa na Tammy Novemba 1981, majina mawili yalilazimika kukaa juu ya jalada moja, na picha ikasukumwa chini.

Misty yenyewe, iliyotoka matoleo 101 kuanzia Februari 1978 kwa wazo la mwandishi wa katuni Pat Mills, ina shida yake kwa mkusanyaji. Ilikuwa jarida la kutisha, na usiku ulitawala majalada yake. Weusi mwingi juu ya karatasi ya bei nafuu hausamehe: kila mkunjo huonekana kama mstari mweupe. Nakala safi ya Misty inastahili bei kubwa kuliko nakala safi ya jarida la rangi za mchana la wakati uleule.

Kuhusu kadi zenyewe, nyingi zimepotea. Wachapishaji walizihesabu kuwa mali yao, hawakuwarudishia wachoraji, na baada ya kuchapwa hazikuwa na kazi tena. Kampuni ya uchapishaji ya Rebellion iliponunua hazina ya Misty, Tammy na Jinty mwaka 2016 na kuanza kuyachapa upya, mara nyingi kilichopatikana cha kupiga skani kilikuwa nakala za majarida yaliyochapwa tu. Ni hasara inayouma, kwani iliondoka pamoja na ushahidi wa nani alichora nini. Majina hayakuchapwa. John Richardson alichora wasichana wawili ndugu kwenye majalada ya Tammy kuanzia 1973 hadi 1980, na katika miaka yote hiyo jarida halikumtaja. Tammy ilianza kutaja majina mwaka 1982. Mwaka 1984 mgomo ukaikatisha, visa vikiwa havijaisha. Mtafiti Julia Round, katika kitabu chake cha 2019 juu ya Misty, alilazimika kuwatambua watu ambao jarida lao lingeweza kuwataja kwa mstari mmoja. Wachoraji wengi walikuwa Hispania na walipata kazi kupitia mawakala, hivyo muhuri nyuma ya kadi huweza kuwa ndiyo njia pekee ya kumfikia aliyeichora.

Kwa hiyo nasikitika kila nikiona kadi “iliyosafishwa”. Gundi ya mpira hugeuka kahawia na kuacha doa, vipande vya maneno hubanduka, nao wenye kadi huvifuta na kuvitupa ili picha ipendeze ukutani. Usifanye hivyo. Kipande kilichobanduka kihifadhi kwenye bahasha isiyo na asidi pamoja na kadi yake. Usiitundike penye jua, maana wino za rangi za wakati ule hupauka na haziwezi kurudishwa. Na kabla hujaifunga kwenye fremu, piga picha upande wa nyuma, pamoja na mihuri, namba na kila neno la penseli, hata kama huwezi kulisoma.