Sifa za Kwado

Asiyejua kubadilisha tairi hukimbilia jeki. Anayejua hutafuta jiwe. Gari likishalala upande mmoja na dereva ameshuka anaangalia gurudumu kwa hasira, hiyo ndiyo dakika ya kumpima: mikono yake inakwenda wapi kwanza? Mimi simwamini fundi anayeinua gari kabla ya kulizuia lisitembee, hata akiwa na mvi za kazi.

Chukua mfano wa Kamina, mkoani Haut-Lomami huko Congo, nchi ya barabara za udongo ambazo mvua huzichimba na kiangazi huzigeuza vumbi. Kamina yenyewe ilikuzwa na reli. Njia ya Bukama hadi Ilebo, iliyokamilika mwaka 1928, ilipita hapo. Mwaka 1956 ile ya kwenda Kabalo ikaungana nayo, na mji ukawa njia panda ya treni. Lakini treni imechoka siku hizi, na mahindi, chumvi na mafuta ya mawese hupanda lori, pikipiki na baiskeli. Kila kimojawapo kina tairi, na kila tairi lina siku yake. Ndiyo maana katika miji ya Congo hukosi kumwona kwado kando ya njia, yule ambaye Dar es Salaam na Nairobi wangemwita fundi pancha. Kibao chake ni tairi kuukuu lililosimamishwa wima na kupakwa maandishi ya rangi nyeupe.

Duka lake ni kivuli cha mti. Ana pampu au kompresa, beseni la maji, tupa, vyuma vya kubandulia tairi vilivyofuliwa kutokana na springi za lori, na pistoni kuukuu ya injini iliyokwisha kufa. Msafiri wa mara ya kwanza hushangaa pistoni inafanya nini hapo, na hapo ndipo ustadi wenyewe ulipo. Kwado huujaza mpira wa ndani upepo, anauzungusha katika beseni, na mapovu yanamwonyesha tundu. Anapakausha, anapakwaruza kwa tupa, anaweka kipande cha mpira mbichi, kisha anakibana chini ya pistoni kwa skrubu ya chuma. Anamimina petroli kidogo ndani ya kikombe cha pistoni na kuwasha. Moto ukijizima wenyewe, kiraka na mpira vimekuwa kitu kimoja. Petroli ikizidi, mpira unaungua. Ikipungua, kiraka kinabanduka njiani, kilomita nyingi kutoka kwa fundi yeyote. Hana kipimajoto, ana jicho tu.

Alichokifanya hapo ni kazi ileile aliyoigundua Mmarekani Charles Goodyear mwaka 1839: kuupika mpira pamoja na salfa mpaka uache kunata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Tairi la upepo lilikuja baadaye. John Boyd Dunlop alilitengeneza Belfast mwishoni mwa miaka ya 1880 kwa ajili ya baiskeli ya mtoto wake ya magurudumu matatu. Kilichokuwa raha ya mtoto huko kikawa msiba huku. Ulaya na Marekani zilitaka mpira kwa wingi, na Dola Huru ya Congo ya Leopold wa Pili, iliyodumu kuanzia 1885 hadi 1908, iliwalazimisha watu kuingia msituni kukamua mitambaa ya mpira. Aliyeshindwa kutimiza kiwango alichapwa, alifungiwa mke, au aliuawa, na mikono ilikatwa. Kwa hiyo kijana wa Kikongo anayechomelea kiraka leo kwa bei ndogo ameshika bidhaa ambayo wazee wa nchi yake waliilipia kwa damu. Sijui kama huwa anaifikiria habari hiyo akiwa na kazi mkononi, lakini mimi huifikiria.

Turudi kwenye jiwe. Fundi wa kweli huanza na watu: "Papa, shuka kwanza, na mama naye ashuke na mtoto." Kisha hukata matawi na kuyatandika barabarani, mbele na nyuma, mbali ya kutosha ili lori linalokuja kwa kasi lipate nafasi ya kukwepa. Congo magari hupita kulia, kwa hiyo tairi la kushoto likipasuka mgongo wako unakuwa njiani. Bora kutembeza gari taratibu hata ringi iumie kuliko kuinama pale. Ringi hununuliwa.

Breki ya mkono ivutwe na gia iingizwe, lakini visikudanganye. Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu huliacha lililo hewani lizunguke upande wake na lililo chini lizunguke upande wa pili. Gia imeshika injini barabara, na gari linaondoka. Land Rover za zamani zina hatari zaidi, kwa sababu breki yao ya mkono hushika shafti inayotoka kwenye gia badala ya magurudumu yenyewe, hivyo gurudumu moja likiinuka breki nayo imekuaga. Jiwe halina difu. Liweke kwenye gurudumu lililo mkabala kwa mshazari na lile unaloinua, mbele na nyuma yake.

Nati hulegezwa gari likiwa bado chini, maana gurudumu lililo hewani litazunguka pamoja na spana, na ukiivuta kwa nguvu utaiangusha jeki. Kwenye mchanga, jeki huwekewa ubao mpana, la sivyo itazama yenyewe huku gari limetulia palepale. Kichwa cha jeki hukaa chini ya ekseli au chini ya sehemu iliyoimarishwa ya bodi, si chini ya bati. Tairi la akiba hulazwa chini ya ubavu wa gari wakati wa kazi, na likianza kufungwa, lile bovu huchukua zamu yake. Jeki ikiteleza gari litaangukia tairi, na mtu ataondoka na mguu wake.

Kufunga ni kwa msalaba, nati hii kisha ya mkabala wake, kwa mkono kwanza, ili gurudumu likae sawa. Kukaza kwenyewe ni baada ya kushusha. Kupanda juu ya spana na kurukaruka, kama vijana wengi wafanyavyo, huivuta bolti mpaka ikatike siku nyingine. Kwenye lori nyingi za zamani za Kijapani, Fuso na Isuzu, nati za upande wa kushoto hufunguka kwa kuzungushwa kinyume. Nimewaona watingo wakitoa jasho nusu saa wakiikaza nati waliyodhani wanaifungua.

Lori pia ndilo lenye jambo ambalo kwado halifanyii mzaha. Ringi zake za aina ya zamani zina pete ya chuma inayolishikilia tairi, na pete isiyokaa vizuri huruka wakati wa kujaza upepo kwa nguvu ya kumuua mtu. Fundi mwenye akili huifunga kwa mnyororo, huielekeza chini, na hujaza akiwa amesimama pembeni. Ukimwona anayechungulia pete kwa karibu huku kompresa inanguruma, mwondoe, hata kama ni mkubwa wako.

Kuna kipimo kimoja cha mwisho cha kwado hodari. Kabla ya kurudisha mpira ndani ya tairi, hupitisha vidole polepole pande zote za ndani mpaka aukute msumari au mwiba. Kiraka kizuri juu ya mwiba uliobaki ni kazi ya saa moja tu. Akiufanya upekuzi huo bila kuambiwa, mlipe bei aliyotaja, na kabla hujaondoka mwombe akupimie upepo wa tairi la akiba.