Ramli mchezoni: Yupi mbaya, na ni mbaya wa nani?

WAPO wanaodhani kwamba kuondoa maadili katika mchezo ni kazi nyepesi: futa neno ‘mwema’, futa neno ‘mwovu’, basi yamekwisha. Nina maoni tofauti. Neno likifutwa, kazi liliyokuwa likiifanya hubaki palepale ikisubiri neno jingine.

Chukua mfano wa Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika uliotolewa Marekani mnamo 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Wachezaji huketi mezani, mmoja akajifanya shujaa, mwingine mwizi, mwingine mganga, wakasimulia kisa kwa pamoja huku dadu zikiamua nani kashinda. Tangu mwanzo, kila mhusika alibandikwa chapa ya kimaadili. Kwanza chapa zilikuwa tatu: utaratibu, vurugu na kutoegemea upande. Kufikia 1978 zilikuwa tisa, baada ya hizo tatu kuchanganywa na wema na uovu.

Siku hizi wachezaji wengi wanataka chapa hizo zitupwe. Nawaunga mkono, kwa maana binadamu si pakiti ya unga hata aandikwe kilichomo ndani. Tatizo ni uganga wa mchezo wenyewe. Umo uganga wa kufichua uovu na uganga wa kujikinga na uovu. Kwa Kiswahili, wa kwanza ningeuita ramli na wa pili zindiko. Sasa ikiwa hakuna tena mtu aliyeandikwa ‘mwovu’, ramli hiyo itaona nini?

Watunzi wamejibu kwa njia mbalimbali. Mnamo 1974 ramli ilifichua fikira na nia mbaya. Sumu, mathalani, haikuhesabiwa kuwa njema wala ovu. Katika toleo la tatu, la mwaka 2000, ilisoma chapa: aliyeandikwa mwovu alinaswa hata kama wakati huo hakuwa akimwazia mtu lolote. Toleo la tano, la 2014, likageukia jinsi ya kiumbe: ramli huonyesha mashetani, wafu wanaotembea, malaika na wengine wa aina hiyo walio umbali wa futi 30. Muuaji wa kibinadamu hupita salama salimini, ilhali malaika ananaswa! Na bado jina la uganga huo linataja wema na uovu. Hapo maadili yameondolewa kwenye kanuni yakaachwa kwenye jina, na mchezaji anafundishwa kuhukumu kwa nasaba badala ya matendo. Sioni nafuu.

Msomaji ataniuliza, “Si ni mchezo tu?” Ni mchezo, naam. Lakini ndoto ya kuwa na chombo kinachomtambua mwovu kabla hajatenda si ngeni kwetu. Tanzania wanaiita ramli chonganishi. Hapa kwetu, Kilifi na Kisii, wazee wameuawa kwa kushukiwa tu kuwa wachawi. Anayemwonyesha mtu kidole hujiona amethibitishiwa, na mshukiwa hana la kujitetea. Mchezo unaompa shujaa uwezo huo, kisha ukamwambia kwamba hakosei kamwe, unamwondolea ulazima wa kuuliza.

Kiswahili kinaweza kutusaidia hapa. ‘Mbaya’ likisimama peke yake ni hukumu. Likiambatana na kimilikishi, ‘mbaya wangu’, halisemi tena kuhusu tabia ya mtu. Linasema kuhusu uhusiano wetu. Mbaya wangu ni hasimu wangu, anayenitakia shari. Kwa jirani yake huenda akawa mtu wa watu.

Kwa hivyo, anayeuandaa uganga huo kwa mchezo usio na chapa za kimaadili afuate kimilikishi hicho. Ramli ijibu swali moja: je, yupo hapa anayekusudia kunidhuru? Zindiko nalo limkinge mwenyewe dhidi ya anayemkusudia shari, awe shetani, malaika au jirani. Kanuni hiyo inarudi kwenye nia, kama ilivyokuwa 1974, ila sasa nia hiyo ina mlengwa anayejulikana.

Matokeo yake yatawakera baadhi ya wachezaji. Askari mwadilifu akimwinda jambazi ili amjeruhi, yeye ndiye mbaya wa jambazi, na zindiko la jambazi litamzuia. Vyema! Uganga utakuwa umesema nani anamtaka nani. Swali la nani ana haki litabaki mezani, mikononi mwa wachezaji, ambako wataligombania kwa hoja.